Imenyolewa Nyumbani

Vijana wa saluni za karibu na stendi wamenisumbua tangu niweke mashine chini. Wanasema, mzee, tuandikie kitu kuhusu kazi, tuwe tunasoma mteja akichelewa. Nimekubali, ingawa najua mteja wao hajachelewa. Yuko nyumbani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mke wake anamnyoa. Miaka yangu yote ya unyozi hapa Singida mjini sikushindana na kinyozi mwenzangu hata mara moja. Nilishindana na mke wa mteja, shemeji wa mteja, na mkasi wa mteja unaokaa juu ya kabati pamoja na betri zilizokwisha. Na katika wote hao, aliyenitoa jasho ni mkulima mmoja wa alizeti wa Issuna, Mzee Hango, ambaye kwa kubana matumizi nusura amharibie binti yake harusi. Nitafika kwake. Kwanza nianze nilikoanzia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Athumani, Mungu amrehemu. Ukoo wake ulikuja na biashara kutoka pwani, ukaishiwa na biashara, ukabaki na Kiswahili kizuri. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko. Kilikuwa na kiti kimoja cha mbao, kibao cha kuweka juu ya mikono ya kiti ili mtoto afikie kioo, kioo chenyewe chenye ufa, na mashine ya mkono ambayo ukiibana vibaya haikati nywele, inazing'oa. Ninyi mnaolalamika umeme ukikatika hamjui kitu. Sisi umeme wetu ulikuwa vidole.

Siku ya kwanza nilijua nitapewa ufagio. Mzee Athumani akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti, akajifunga shuka shingoni, akasema, "Haya, nyoa."

"Mzee, mimi sijui kunyoa."

"Ndiyo maana nimekaa mimi. Ningemkalisha mtu wa watu tungepigwa wote wawili."

Nikamnyoa. Nilipomaliza nikamletea kioo kidogo cha nyuma. Hakukitazama. Alifumba macho, akapitisha kiganja kutoka kisogoni mpaka utosini, polepole, kama fundi baiskeli anayetafuta pancha. Kisha akasema, "Imenyolewa nyumbani."

Katika kibanda kile hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Mtu angeweza kukuita mwizi mkacheka, lakini kichwa ulichokinyoa wewe kikiambiwa kimenyolewa nyumbani, chakula cha mchana hakipiti. Mzee Athumani alisema kioo kinambembeleza mteja, kiganja hakimbembelezi mtu. Mpaka leo ukitaka kujua kama kazi yako ni safi, funga macho upapase. Ninyi mnapiga picha na simu, halafu mnaipaka picha mwanga mpaka mteja anafanana na binamu yake.

Sheria yake nyingine ilikuwa kuhusu kicheko. Mteja akivua kofia na ukaona maajabu, usicheke. Meza mate, tikisa shuka, muulize habari za mvua. Utacheka akishapinda kona. Sheria hii ni ngumu kuliko kuchonga ndevu, na wengi wenu mmeshindwa, nawaona.

Maana maajabu yalikuja. Kulikuwa na akina mama wanaopachika kipande cha wembe kwenye kitana na kunyoa watoto wote wa nyumba moja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho anang'olewa nywele na wembe ulioishiwa. Siku ya kufungua shule ungewajua watoto hao kwa mbali, wana mabaka kichwani kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Kulikuwa na mabwana walionunua mashine za kuchaji ili wasije tena kwangu. Mashine inakwisha chaji katikati ya kichwa, na umeme hakuna. Bwana anakuja amevaa kofia ya sufu, jua linawaka. Mmoja alivua kofia, akanionyesha upande mmoja upara na upande mwingine msitu, akaniomba nimtoze nusu kwa sababu nusu ameshafanya mwenyewe. Nilimuuliza habari za mvua.

Lakini balaa hasa ni kanta. Rangi ya nywele ni kitu cha adabu, si rangi ya mlango. Unga wake unachanganywa na maji kidogo kwenye kibakuli cha plastiki, si cha bati. Siku moja kabla unampaka mteja tone nyuma ya sikio uone kama ngozi inakubali, maana wapo wanaovimba mpaka macho yanapotea. Unapaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikioni na shingoni, ili rangi isishike ngozi. Kichwa kikiwa na mchubuko, huanzi. Na ikishakolea unaosha, huiachi eti iongezeke thamani. Nimewaambia watu haya mwaka hadi mwaka. Walinisikiliza vizuri sana, wakaenda kununua pakiti, wakajipaka wenyewe.

Sasa Mzee Hango.

Hakuwa maskini, nasema mapema msije mkamwonea huruma bila sababu. Alikuwa na mashamba ya alizeti, mashine ya kukamulia mafuta, ng'ombe, na kofia moja. Kofia hiyo niliijua kabla sijamjua mwenyewe, kwa sababu Issuna nzima ilikuwa ikiisimulia. Mke wake alifariki wakati binti yao wa pekee, Upendo, akiwa mdogo. Mzee hakuoa tena. Watu walisema ni mapenzi kwa marehemu, wengine walisema ni mahari. Alimlea mtoto mwenyewe, na kwa kweli alimlea vizuri, isipokuwa kichwani. Kila shule ilipokaribia kufunguliwa alimkalisha uani na kumkata nywele kwa mkasi aliokatia kamba za magunia. Wenzake shuleni walimwita Ramani. Alimaliza shule ya msingi hakuna anayemwita Upendo.

Ramani huyo alikua, akawa mwalimu wa chekechea hapa mjini, binti mzuri mwenye nywele nyingi ambazo hakuruhusu mtu azishike hovyo. Akapata mchumba, kijana wa hapahapa mjini. Watu wa kijana wakaenda Issuna na mshenga wao kujitambulisha. Mshenga alikuwa mtu wa maneno mengi. Akamkuta Mzee Hango mlangoni, kichwa cheupe pe, mabaka huku na huku, akapiga magoti kidogo akasema, "Shikamoo babu. Tumekuja kuonana na baba wa binti."

Mzee akajibu, "Marahaba. Babu alishakufa. Baba ni mimi."

Tangu siku hiyo hakupata raha. Upendo naye akaja kwangu. Alikaa kwenye benchi akasubiri wateja waishe, kisha akasema taratibu, huku anakunja na kukunjua kitambaa.

"Mzee wangu, mimi nimechekwa kichwa changu utoto wote. Nimesamehe. Lakini siku ya harusi baba ndiye ataniingiza kanisani, na sitaki wacheke cha kwake. Nakulipa kabisa leo. Mnyoe vizuri, mpake kanta, Ijumaa kabla ya harusi. Akikuletea visingizio usimsikilize."

Nikamwambia, "Mwanangu, kichwa cha baba yako niachie mimi."

Nilisema hivyo mbele ya watu, kwa sauti. Niliipenda kazi yangu na nilipenda kuonekana naiweza.

Mzee Hango alikuja mapema kuliko alivyotakiwa, katikati ya wiki. Nikamkaribisha kitini. Akakataa, akasema niwamalize wengine kwanza, yeye hana haraka. Akakaa kwenye benchi karibu siku nzima. Bwana mmoja alikuwa anapakwa kanta, Mzee akasogea karibu, akauliza huu unga unaitwaje, maji kiasi gani, inakaa muda gani. Nikamweleza yote. Nilifurahi, nikadhani amevutiwa na fani. Mwingine alipovua kofia, nikamuuliza habari za mvua, nikampapasa na kusema ile kauli yetu, Mzee akauliza maana yake nini.

"Maana yake amebana matumizi," nikamwambia.

"Basi hilo ni jambo zuri," akasema.

Jioni ilipokaribia akanisogelea. "Kinyozi, ile hela aliyotoa Upendo. Ukinirudishia mimi, wewe hupungukiwi. Hujafanya kazi yoyote."

"Nitaifanya sasa hivi, mzee. Kaa."

"Basi nirudishie nusu. Mbele hapa nywele zilishaondoka zenyewe, na wewe hukuziondoa."

Nikacheka, nikakiuka sheria ya Mzee Athumani mchana kweupe. Yeye hakucheka. Akavaa kofia yake akasema atakuja Ijumaa. Ijumaa nikasubiri. Nikampigia simu, akasema yuko njiani. Kila mtu wa nchi hii anajua maana ya kuwa njiani, lakini kwa sababu ya ile ahadi yangu niliamua kumwamini.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya harusi yenyewe, Upendo akapiga simu. Hakusalimia. Alisema, "Mzee wangu, baba amejifungia kwenye stoo ya alizeti."

Nilifunga saluni, nikatia kwenye begi mashine ya kuchaji, shuka, spiriti na wembe mpya, nikakamata usafiri wa kwenda Issuna. Nilikuta akina mama wanageuza pilau kwenye masufuria makubwa, vijana wanafunga vitambaa kwenye turubai, na hakuna hata mmoja anayetazama mlango wa stoo. Upendo alikuwa nyumba ya pili anavalishwa. Mlangoni pa stoo alisimama dada mkubwa wa Mzee Hango, Shangazi Monika, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye kinyozi? Umechelewa. Kazi imeshafanyika."

Nikagonga mlango. "Mzee Hango, fungua. Ni mimi."

Sauti ikatoka ndani, nyuma ya magunia. "Mwambie Upendo naumwa. Yona atamwingiza kanisani." Yona ni mdogo wake.

"Unaumwa nini?"

"Kichwa."

"Kinauma sana?"

"Hakiumi. Kinaonekana."

Alifungua baada ya mimi kumwapia kwamba nitaingia peke yangu. Vijana wangu, nimeona vichwa vingi. Nimeona cha mtu aliyenyolewa na mlevi, na cha mtu aliyenyolewa naye akiwa mlevi. Sijaona kama kile. Alikuwa amejikata kwanza kwa ule mkasi wa magunia, bila kioo, kwa hiyo kulikuwa na mashimo. Kisha akanunua pakiti moja ya kanta, akaiona ndogo kwa kichwa na ndevu, akaiongezea bluu ya kufulia ili ijae. Akakoroga kwenye sufuria la bati, akajipaka kwa brashi ya viatu. Mafuta ya mgando hakupaka, aliona ni ujanja wangu wa kuongeza gharama. Akakaa nayo tangu alfajiri mpaka jua limepanda, maana aliilipia na hakutaka ipotee bure. Nywele zilikuwa rangi ya wino. Paji la uso, masikio na shingo vilikuwa vyeusi, vyeusi hasa. Ndevu zilikuwa za kijani kidogo. Macho yalikuwa yameanza kuvimba.

Nikameza mate. "Mvua mwaka huu mnaionaje huku?"

"Usinifanyie hivyo," akasema, na akaanza kulia.

Hapo hamu ya kucheka iliniisha. Alilia kama mtoto, anajifuta kwa mkono wenye rangi na kuzidi kujichafua. Alisema alitaka tu wasimwite tena babu mbele ya mtoto wake. Alisema hela ile alitaka aichanganye na yake amnunulie Upendo kitanda kizuri. Sijui kama ni kweli. Nilichagua kuamini.

Nikamlaza juu ya magunia. Nilimsugua ngozi kwa mafuta ya alizeti, yake mwenyewe, kisha sabuni, kisha ndimu, kisha tena mafuta. Rangi ikaachia usoni kidogokidogo, akabaki na kivuli ambacho mtu angeweza kudhani ni uchovu wa maandalizi. Ndevu nikaondoa zote. Lakini nywele hazikuwa na dawa. Wino juu ya mashimo huufichi kwa mtindo wowote. Nikasema lililobaki ni upara.

Shangazi Monika alikuwa ameshaingia. "Upara? Leo? Mnamzika nani?"

Wa mbali hawataelewa, lakini ninyi mnajua. Kwetu ndugu akifa tunanyoa. Mtu mzima wa kijijini akitokea na kichwa kinachong'aa, watu hawamuulizi bei ya alizeti, wanampa pole. Na baba wa bibi harusi kuonekana na kichwa cha msiba siku ya harusi, wapo ambao wangegeuza gari palepale. Kofia haikuwezekana, mchungaji wa pale hakuruhusu kofia kanisani hata kwa mwenyekiti wa kijiji.

Ndipo Yona, aliyeingia nyuma ya Shangazi, akapata wazo. Nawaomba mjihadhari na mwanamume anayepata wazo asubuhi ya harusi.

"Kaka akiwa kipara peke yake," akasema, "watajua amefiwa. Tukiwa vipara wote, watajua ni sare."

"Yona," akasema Shangazi Monika, "mmoja akinyolewa ni msiba. Ukoo mzima ukinyolewa ni msiba mkubwa."

Hakuna aliyemsikiliza. Kamati ya harusi ilikuwa imeshachangisha sare za akina mama, wanaume walikuwa hawana kitu, na neno sare likawaingia. Isitoshe, habari zilienea kwamba Upendo ameshalipia kinyozi. Walijipanga mstari kabla sijatikisa shuka. Wadogo zake Hango, watoto wa dada, mashemeji, jirani mmoja ambaye alisema yeye ni kama ndugu. Nilinyoa mpaka mashine ikapata moto, nikamalizia na wembe. Mzee Hango nilimnyoa wa mwisho, kwa utulivu wote nilionao. Nilipopapasa kwa kiganja hapakuwa na kosa. Nasema kweli, ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Tukatangulia kanisani. Watu wa kijana walikuja kutoka mjini na matarumbeta juu ya gari la wazi, vumbi nyuma yao, vigelegele mbele. Gari likakata kona ya kanisa. Matarumbeta yalikuwa yanapiga kwa nguvu zote, kisha nikaona macho ya mpiga tarumbeta wa kwanza yanatua kwetu. Wanaume wa ukoo wa Hango walikuwa wamesimama mstari mmoja mbele ya mlango wa kanisa, suti zimenyooshwa, vichwa vinang'aa juani. Tarumbeta la kwanza likanyamaza, la pili likafuata, ngoma ikabaki peke yake kidogo nayo ikaacha. Akina mama wa upande wa kijana wakashusha mikono, wakaanza kujifunga khanga kiunoni. Kiongozi wa matarumbeta, mtu wa kazi aliyezoea kukodiwa kwa harusi na kwa misiba, akawapa wenzake ishara, wakaanza wimbo wa mazishi, taratibu, kwa huzuni nzuri kabisa.

Mshenga akashuka, akavua kofia, akaja anapeana mkono na kila kipara. "Poleni. Poleni sana. Mbona hamkutupigia simu?"

Yona alijaribu kusema ni sare. Matarumbeta yakamzidi.

Wakati huohuo gari la bibi harusi likafika. Upendo akashuka na shela lake jeupe, akausikia ule wimbo, akaona akina mama wa kijana wanafuta machozi, akaona vichwa. Nilitamani ardhi inifiche. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mzee wangu," akasema, "ndiyo hii?"

Baba yake akamsogelea, macho yamevimba, shingo ina kivuli cha kanta. "Mwanangu, nimekuharibia. Ingia na Yona. Mimi nitakaa nyuma."

Upendo akavua glavu, akaweka kiganja kwenye kisogo cha baba yake, akakipandisha taratibu mpaka utosini. Niliona kidevu kinamtetemeka na nikajua analia. Hakuwa akilia, alikuwa anabana kicheko. Aligeuka akawakabili watu wote, wa Issuna na wa mjini, akapaza sauti ile ya kuita watoto wa chekechea.

"Hatujafiwa! Leo baba yangu amenyolewa na kinyozi wa kulipwa. Mnaomjua, pigeni vigelegele!"

Wa mjini hawakuelewa. Issuna walielewa. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na baada yake kijiji kizima kikalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Shangazi Monika alikaa chini kwenye ngazi za kanisa na sare yake mpya. Mzee Hango mwenyewe akacheka, machozi yakimtoka kwenye yale macho madogo, na Upendo akamshika mkono wakaingia. Walichekwa wote wawili, kichwa juu, matarumbeta yakipiga ya harusi. Mimi nilisimama nyuma nikalia, na sioni aibu kusema.

Baada ya ibada mshenga, ambaye katika zile vurugu hakuona Upendo ameingia na nani, akamfuata Mzee Hango palepale mlangoni. Bila mvi, bila ndevu, mzee alikuwa amepungua miaka mingi. Mshenga akampa mkono akasema, "Baba mdogo, hongereni. Sasa mzee mwenyewe yuko wapi nimwombe radhi?"

Sijawahi kuona mtu akifurahi vile.

Jumatatu Mzee Hango alikuja saluni. Nikavuta kiti, nikajua amekuja kushukuru. Akasema kanta haikupakwa, kwa hiyo sehemu ya hela ile ni ya kurudishwa. Nilimrudishia. Nilitaka aondoke kabla sijavunja tena sheria.

Na hakurudi. Alikuwa amejifunza kutoka kwangu jambo moja tu, kwamba kichwa cha upara hakina mvi, hakitaki kanta wala kitana, na wembe mmoja unaweza kukihudumia kwa muda mrefu kama mwenye kichwa ni mvumilivu. Tangu hapo alijinyoa mwenyewe nyumbani. Issuna wakazoea, hakuna aliyempa tena pole. Vijana wa kule wakaanza kumwiga, na nikapoteza kijiji kizima kwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Miaka imepita. Saluni zenu zimekuja na makochi, televisheni, skrabu na mataulo ya moto. Mimi nilibaki na kiti changu, na mwaka jana mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Sikumwambia mtu. Nilianza kuwaachia vijana wangu vichwa vyote, nikasema nasimamia. Walidhani ni ukubwa.

Mwaka huu Upendo akapiga simu. Mtoto wake wa kwanza anapata kipaimara, na babu yake atakaa kiti cha mbele. Mzee alikuwa amejikata na wembe mara mbili, macho hayaoni tena vizuri. Mkwe wake alitaka kumnyoa kwa mashine ya nyumbani, akakataa katakata. Alisema, "Mleteni yule wa mjini."

Nilikwenda. Alikuwa amekaa uani juani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, sasa kweli babu. Upendo akatuletea maji akatuacha. Nilitikisa shuka, nikamfunga, nikashika wembe kwa mikono miwili ili utulie. Nilinyoa polepole sana. Nilipomaliza nikampa kioo, akakisukuma. Akafumba macho, akapitisha kiganja kutoka kisogoni mpaka utosini, kiganja kikasimama mahali, kikarudi, kikasimama tena.

"Kinyozi."

"Naam, mzee."

"Imenyolewa nyumbani."

Nikasubiri aombe apunguziwe. Nilikuwa nimejiandaa kumpunguzia yote. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa hela kamili, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole mpaka mkono ukaacha kutetemeka.

"Pole," akasema.